Kengele ya Tisa

Verlin alisubu shaba miaka thelathini na minane,
na shaba ikamlipa kwa kumla masikio.
La kushoto limekwenda. La kulia linaaga.
Ndiyo maana Machi hii,
theluji ikiwa imebaki majivu kandokando ya barabara,
mimi niliyeajiriwa kumpimia dawa na kumkata kucha
naendesha gari lake kuukuu kuvuka Ohio,
daftari limelala mapajani mwake,
tunatafuta kengele.

Si ile yenyewe. Ile iko Philadelphia,
watu wanapanga foleni kuupiga picha ufa wake.
"Ile ni bubu," asema. "Mimi nataka watoto wake."

Watoto wake wametawanyika kama watoto wa mtu yeyote.
Mmoja yuko mbele ya benki, njiwa wamemfanya choo.
Mmoja ni wa plasta, ndani ya duka la magodoro;
tulicheka hadi muuzaji akatuuliza
kama tunataka la futi sita.
Mmoja tulielekezwa mara tatu, tukakuta nguzo mbili
na kutu ya mahali alipokaa.
Wa tano wamemchora ufa kwa rangi nyeusi
ili afanane na mama.
Verlin aliutia ukucha, akaukwaruza,
ukabanduka.

Kwetu tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Nilimfasiria kwenye kituo cha mafuta, akipuliza supu.
Akafikiri. "Sisi hatukuziba wala hatukujenga.
Tulinunua rangi."

Kila tulipofika nilisoma maandishi ya shingoni:
ipigwe mbiu ya uhuru katika nchi yote.
Mbiu! Na kila kengele nzima tuliyoikuta
ulimi wake umefungwa waya.
Watoto watasumbua, walituambia. Majirani. Bima.
Mimi ni kuku mgeni, kamba ya mguuni naijua;
karatasi zangu ziko Cleveland, mezani kwa mtu, mwaka wa tatu.
Ya ulimini sikuwahi kuiona
imekazwa kwa koleo.

Ya tisa iko nyuma ya shule iliyofungwa, Tansy Fork,
na mwenye funguo ni Bi Loretta Pruitt,
aliyenitazama mimi na mtandio wangu, kisha Verlin, kisha vidole vya Verlin,
viwili vifupi kuliko walivyopatana.
"Wewe ulikuwa kiwanda cha Dorsey."
"Nilikuwa."
"Baba yangu pia."
Akaenda garini kwake. Akarudi na koleo.

Waya ulikatika kwa sauti ndogo, kama kucha.
Verlin alivua kofia, akaegemeza taya kwenye shaba,
akaikumbatia kwa mikono miwili
kama anayesikiliza mtoto tumboni.
"Piga, Zuwena."
Miezi kumi na minne nilikuwa Zina tu.

Nikapiga.

Kunguru waliliacha paa wote kwa pamoja.
Bi Loretta alishika kifua.
Sauti ikaenda hadi kwenye mabua ya mahindi ya mwaka jana,
ikakaa huko, haikutaka kurudi.

Verlin alifumbua macho.
"Taya limesikia," akasema. "Sikio, hapana.
Imeliaje? Niambie niandike."

Kiingereza changu ni cha vidonge na vijiko.
Nikampa nilichokuwa nacho:
"Ng'o," nikasema. "Imelia ng'ooo."

Akaandika polepole, akinisoma midomo.
Sikumwambia kwamba hilo ni neno.
Sikumwambia kwamba kwetu hulitamka mtu
aliyevutwa, akabembelezwa, akatishwa,
na bado hatoki.

Tangi lilikuwa robo, giza linaingia,
na yeye njia nzima analijaribu, kinywa kinahangaika:
ng' ikamshinda, ikatoka n tupu,
na maana haikumwagika hata tone.